Dakika mbili tu!

Jioni ya Julai, Kalenga baridi kweli. Umebandika mafuta ya maandazi, mara rafiki anakuita nje. "Nakuja, dakika mbili tu!" Huku nyuma mafuta yanafuka moshi, kisha yanawaka yenyewe. Moto unadaka kuni zinazokaushwa juu ya mafiga, halafu paa la nyasi.

Ukikuta sufuria inawaka, USIMWAGE MAJI! Maji huchemka kwa nyuzi 100. Mafuta yanayowaka hupita 300. Maji yatazama, yatageuka mvuke ghafla na kurusha mafuta yenye moto. Wala usiibebe. Moto ukiwa mdogo, funika kwa mfuniko mkavu, vuta kuni, iache ipoe. Ukishika paa, toka na wadogo zako, piga yowe, pigia Zimamoto 114.

Swali: kwenu kuni hukaushwa wapi?