Kabla ya kuitisha semina ya MTUHA

Takwimu za robo mwaka za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, zikigongana, halmashauri nyingi zina dawa moja tu: semina. Ukumbi unakodiwa mjini, waganga wafawidhi wanaitwa, slaidi zinapita, posho zinasainiwa. Jumatatu muuguzi anayeandika Kitabu Na. 5, rejista ya wagonjwa wa nje, kutwa nzima yuko palepale alipokuwa wiki iliyopita, maana aliyeitwa hakuwa yeye.

Kama wewe ni mratibu wa MTUHA wa halmashauri, ahirisha semina kwanza. Chagua zahanati moja, mwezi mmoja na namba moja. Tuchukue wagonjwa waliothibitishwa kuwa na malaria kwa kipimo cha haraka. Fungua Kitabu Na. 5 uwahesabu mwenyewe, mstari kwa mstari, kidole kwenye karatasi. Ukimaliza, angalia karatasi ya kutali, kisha taarifa ya mwezi iliyobaki kituoni, kisha kilichoingizwa DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu hizo. Namba ileile inapita hatua nne, na kama imepotea, imepotelea kwenye mojawapo.

Tuseme kitabuni umepata 183, kwenye kutali 183, kwenye taarifa 214, na DHIS2 ikasoma 214. Wanaoandika kitabu hawana shida, na anayeingiza data wilayani hana shida. Kilichoharibika ni ujumlishaji wa mwisho wa mwezi, kazi ya mtu mmoja, pengine usiku wa kuamkia tarehe ya kuwasilisha. Huyo ndiye wa kufundishwa, na asubuhi moja inatosha. Ukigawa hesabu yako kwa iliyoripotiwa unapata asilimia 86. Kipimo kinachotumika sana kwenye uhakiki wa takwimu ni tofauti isiyozidi asilimia 10 juu au chini, kwa hiyo hapo pana kazi.

Lakini jumla zikilingana usishangilie haraka. Makosa hufutana: mgonjwa mmoja akirukwa na mwingine akaandikwa mara mbili, jumla inatoka safi. Chukua majina kumi kutoka rejista ya maabara uyatafute kwenye Kitabu Na. 5. Kisha nenda kwenye leja ya dawa na vifaa uone vipimo vingapi vilitumika mwezi huo. Leja ikisema vilitumika 260 na maabara ikaonyesha watu 190 tu waliopimwa, hata baada ya kutoa vilivyoharibika au kuisha muda, kuna wagonjwa hawakuandikwa kabisa au vipimo vimetoka kwa mlango mwingine. Mambo hayo mawili yanatatuliwa kwa njia tofauti, na mojawapo si la mafunzo.

Ukiwa hapo, soma kurasa chache za kitabu bila haraka. Safu ya umri ndiyo inayoumiza zaidi. Utakuta imeandikwa "8", basi. Ni miezi minane au miaka minane? MTUHA inagawa wagonjwa kwa umri: chini ya mwezi mmoja, mwezi hadi chini ya mwaka, mwaka hadi chini ya miaka mitano, na kuendelea. Ile "8" isiyo na neno mbele yake inaweza kumhamisha mtoto mchanga kumpeleka kwa wanafunzi wa shule, na anayejumlisha mwisho wa mwezi hana pa kumwuliza mama yake. Kinachofuata ni utambuzi: "homa" imeandikwa kana kwamba ni ugonjwa, na jibu la kipimo halipo. Halafu visanduku vitupu kwenye taarifa. Kisanduku kitupu si sifuri. Kinaweza kumaanisha hakukuwa na mgonjwa, au hakuna aliyehesabu. Kama hakukuwa na mgonjwa, iandikwe 0.

Mara nyingi chanzo ni meza, wala si ujinga wa mtu. Kitabu kiko chumba cha mganga, kipimo kinafanyika chumba kingine, dawa dirishani, na jioni mhudumu anajaza safu zilizobaki kwa kukumbuka. Kabla ya kufundisha mtu, hamisha kitabu kikae pale huduma inapotolewa, au kubalianeni karatasi ya mgonjwa irudi mezani kabla hajaondoka. Nimeona safu zikijaa kwa wiki moja bila mafunzo yoyote, baada ya meza tu kusogezwa.

Mafunzo yenyewe sasa. Yafanyike kituoni, saa za mchana wagonjwa wanapopungua, kwa kurasa za kituo hichohicho. Andika wagonjwa kumi wa kubuni kwenye kadi: mtoto wa wiki tatu mwenye kikohozi, mama mjamzito anayehudhuria mara ya pili, mzee wa shinikizo la damu aliyekuja mara ya tatu mwaka huu. Kila anayeshika kalamu kituoni, awe tabibu, muuguzi au mhudumu wa afya, ajaze peke yake kwenye ukurasa wa mazoezi. Kisha wekeni kurasa pamoja mezani. Mjadala wa kwa nini watu watatu wamemwandika mgonjwa mmoja kwa namna tatu unafundisha kuliko slaidi arobaini. Yule mzee ndiye atakayewagawa: hudhurio la kwanza la mwaka au marudio?

Kila kituo kiwe na daftari dogo la mafunzo, lenye jina la mtumishi, alichofundishwa, tarehe, na nani alimwona akikifanya. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani. Cheti cha semina kinathibitisha kwamba mtu alikuwepo ukumbini tu. Uhamisho ukija, na kwetu uhamisho huja bila hodi, mganga mfawidhi mpya afungue daftari hilo ajue ni nani bado anajua kujumlisha Kitabu Na. 12 cha wazazi na nani ameondoka na ujuzi wake. Anayehama akabidhi vitabu kwa saini kama anavyokabidhi funguo za stoo ya dawa.

Makosa yakionekana, yasahihishwe kwa mstari mmoja juu ya maandishi, saini na tarehe. Wino mweupe upigwe marufuku. Na kama taarifa imeshaingia DHIS2, mfawidhi asibadilishe nakala yake kimyakimya. Amtaarifu mratibu, namba ibadilike pande zote mbili siku hiyohiyo.

Usimamizi shirikishi ukigeuka kuwa karipio, mtapewa takwimu zilizopikwa, na zimepikwa vizuri. Mtu aliyefokewa kwa kuripoti watoto wachache waliomaliza chanjo hatarudia kuripoti wachache. Pakua takwimu za chanjo za mwaka mzima uone: Penta 3, ya wiki ya 14, ikizidi Penta 1, ya wiki ya 6, kwenye kijiji ambacho watu hawahamii kwa wingi, anza na mazungumzo ya upole. Kila mwezi halmashauri irudishe ukurasa mmoja kwa kila kituo, ukiwa na namba zake tatu au nne na swali moja. Vituo vingi hutuma taarifa miaka nenda rudi bila kuona hata mstari ukirudi.

Kuna tabia moja ya kukomesha leo. Mratibu anaharakishwa na mkoa, anampigia mfawidhi, na mfawidhi anapiga picha ukurasa mzima wa rejista na kuutupia kwenye kundi la WhatsApp, majina, umri, vijiji na majibu ya vipimo vikiwa wazi. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, majirani wa mgonjwa wamo kwenye kundi hilo. Iombwe namba, itumwe namba. Picha ikihitajika kwa uhakiki, safu ya majina ifunikwe na karatasi, na itumwe kwa mratibu peke yake.

Na kituo kikiripoti chanjo asilimia 130, usiwatuhumu watumishi wake kwanza. Uliza idadi ya watoto mnayogawia imetoka wapi: Sensa ya 2022, au makadirio ya sensa ya 2012 ambayo hakuna aliyeyafuta kwenye jedwali. Kisha uliza kama akina mama wa wilaya jirani wanavuka kuja hapo kwa sababu ndiko barabara ilipo.