Kalamu Nayo ni Jembe

Somo la kujadiliana katika kikundi

Somo letu la leo ni juu ya vijana waliosomea uandishi mpaka chuo kikuu, kisha maisha yakawaleta kijijini. Mmoja ameolewa huku, mwingine kazi ya mjini imekwisha, mwingine amekuja kuuguza mzazi. Watu huuliza: "Na hiyo digirii ya kuandika atailia wapi huku?" Hebu tuanze na kisa.

KISA

Mwaka wa 2023 nilitembelea kikundi cha akina mama 18 wanaofuga kuku. Walitaka kujiandikisha chini ya Sheria ya Kuandikisha Vikundi vya Jamii ya mwaka wa 2022. Sheria hiyo inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10, kiwe na katiba yake, na kilete kumbukumbu za mkutano ulioamua kujiandikisha. Sasa, kitabu chao kilikuwa na kurasa tupu za miezi minane.

Jambo baya zaidi ni hili: mjane mmoja alidaiwa shilingi 6,000. Yeye alisema amelipa. Mweka hazina alisema hajaona pesa. Hakuna mahali palipoandikwa kitu. Wengine walitaka afukuzwe.

Katika kijiji hicho alikuwako mke wa kijana mmoja, mwenye digirii ya uandishi. Watu walimcheka ati atawaandikia mbuzi. Mwenyekiti akamwita. Yule dada akaketi na kila mama, mmoja mmoja, akiuliza: ulitoa nini, siku gani, ulimpa nani? Akalinganisha majibu na ujumbe wa M-Pesa. Siku ya pili akakuta kwamba mjane alituma zile 6,000 kwa simu ya mtoto wa mweka hazina, na mama mtu alisahau. Wakaombana msamaha. Kisha dada akaandika katiba na kumbukumbu, na kikundi kikapata cheti.

Je, alilipwa nini? Makofi na kikombe cha chai. Nasema ukweli, hata mimi nilipiga makofi nikaenda zangu. Lakini wiki ile ile fundi aliyejenga banda la kuku alilipwa pesa zake zote, tena bila kelele. Miezi mitatu baadaye nilimkuta dada akifunga mizigo arudi Nairobi kutafuta kibarua. Mwenyekiti ndiye aliyemzuia, akaitisha mkutano, akauliza wenzake: "Banda tulililipia. Kwa nini kitabu hatukukilipia?"

KAZI ZIKO WAPI?

Kazi ya kuandika iko kijijini, lakini haina kibao mlangoni. Tuone mahali pa kuitafuta:

1. Vitabu vya vikundi. Kumbukumbu za mikutano, katiba, orodha ya wanachama, barua za kuomba mkopo.

2. Maombi ya zabuni. Tangu mwaka wa 2013 serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Vikundi vingi huzikosa kwa sababu karatasi hazikujazwa vizuri.

3. Sauti ya wananchi. Kaunti zetu 47 zinapopanga bajeti, ni lazima wananchi washirikishwe. Na Ibara ya 37 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kupeleka malalamiko kwa maofisa wa umma. Neno la mdomoni husahaulika, lakini barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa inaweza kufuatiliwa.

4. Redio za jamii. Huko Makueni, Redio Mang'elete ilianzishwa na vikundi vya akina mama. Redio kama hizo zinahitaji watu wa kuandika vipindi na matangazo kwa lugha ya nyumbani.

5. Shule, zahanati na vyama vya ushirika. Hawa huhitaji ripoti na historia za miaka waliyofanya kazi. Mara nyingi hakuna nafasi ya kuajiriwa mwezi mzima, lakini kazi ya wiki moja ipo.

6. Kazi za simu na intaneti. Kutafsiri na kuhariri hufanyika popote penye mtandao. Ila mtu akikudai pesa kwanza ndipo akupe kazi, mkimbie.

MIPAKA YA KALAMU

Si kila karatasi ni ya kuandikwa na mwandishi. Hati za kuhamisha shamba kwa malipo ni kazi ya wakili; asiye wakili akizitengeneza kwa ada anavunja sheria. Vile vile digirii ya uandishi pekee haimfanyi mtu kuwa mwalimu. Ni lazima asajiliwe na Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC.

Tena kuna ile kazi ya kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha za chuo. Vijana wetu wengi wameifanya kwa sababu ya shida. Lakini huo ni udanganyifu, na huko Uingereza kuziuza kulikatazwa na sheria ya mwaka wa 2022. Anayekula humo anakalia tawi bovu.

TUPIGE HESABU

Tuseme kikundi kina watu 20, na kila mmoja anatoa shilingi 20 kwa mkutano. Hiyo ni 400. Mikutano miwili kwa mwezi ni 800. Mwandishi akishika vikundi vitano, anapata 4,000 kwa mwezi. Hazitoshi kuwa mshahara, kwa hiyo bado atalima na kufuga. Lakini ni pesa za kuanzia, na jina lake litajulikana ofisini na sokoni.

Wewe kijana uliyesoma, usingoje kuitwa. Nenda mkutanoni, sikiliza, andika kumbukumbu za siku moja uwaonyeshe. Hiyo moja iwe ya bure. Ya pili taja bei kabla ya kushika kalamu. Na siri za kikundi zibaki kikundini.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini tulimlipa fundi wa banda na tukasahau aliyeandika?
2. Kitabu chetu kikipotea leo, nani ataumia kwanza?
3. Ni kijana gani hapa kwetu amesoma na tunamcheka?
4. Tunaweza kumlipa kiasi gani bila kuvunja mfuko wa kikundi?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao, watu wawili walete kitabu cha kikundi, tukisome kwa sauti kuanzia ukurasa wa kwanza. Tukifika penye pengo, tusimame tuulizane siku hiyo tulifanya nini, na pesa zilikwenda wapi.