Ukungu katika Miwani ya Mwendesha Pikipiki

Mhudumu wa afya anayepeleka chanjo kwa huduma ya mkoba katika vijiji vya Ruponda, wilayani Nachingwea, hupita njia za udongo: vumbi wakati wa kiangazi, tope wakati wa mvua. Miwani ya kinga hulinda macho yake, lakini ikipata ukungu hushawishika kuivua, na hapo vumbi, wadudu na vijiti hupata nafasi ya kumjeruhi.

Ukungu ni mvuke wa pumzi na jasho unaogeuka matone madogo unapogusa lenzi yenye ubaridi. Kwa hiyo, kitambaa cha kuzuia vumbi kisielekeze pumzi juu, bali kiiache itokee chini. Matundu ya hewa yasafishwe kila baada ya safari. Lenzi isiyo na utando maalumu wa kiwandani ipakwe ndani tone la sabuni ya maji, kisha ifutwe kwa kitambaa laini hadi ing'ae, sabuni isije ikawasha macho.

Ukungu ukizidi, dereva asimame kando kabla ya kuvua miwani. Vumbi likiingia jichoni, lisisuguliwe. Jicho lioshwe kwa maji safi, na maumivu yakiendelea, mgonjwa afike kituo cha afya.