Somo: Kabla ya Kuhamia Mjini

Ndugu wanakikundi, vijana wetu huhamia Kiganjo, Thika, wakitafuta kazi viwandani. Mara nyingi tunauliza kodi tu. Usalama tunaukumbuka binti akishanyang'anywa mkoba akitoka zamu ya usiku.

Nehemia alipofika Yerusalemu, aliuzunguka ukuta usiku kabla ya kuanza kujenga (Nehemia 2). Nasi tufanye vivyo hivyo kabla ya kulipa dipoziti:

1. Tembeeni wawili kutoka steji hadi kwenye ploti mchana, kisha mrudi saa mbili usiku. Mulika mwizi inawaka? Maduka yako wazi?

2. Ulizeni mama mboga na wapangaji, si wakala peke yake. Akina mama hupita njia gani usiku? Ipi wanaikwepa?

3. Mtafuteni mzee wa Nyumba Kumi, mpango ulioanza mwaka 2013. Kama majirani hawamjui, hiyo ni dalili.

4. Angalieni kufuli, lango na choo. Choo kikiwa nje ya lango, usiku ni hatari.

Tujadiliane: Katika kikundi chetu, nani atamsindikiza kijana anayehama?