SOMO LA UFUNDI: KUPIMA VIDATO VYA NGAZI



Mji wetu wa Kigali umejengwa juu ya vilima. Anayekaa Kimisagara au Gatsata hahitaji kuelezwa: asubuhi tunashuka ngazi kwenda kazini, jioni tunazipanda tumechoka, na mara nyingi tuna mzigo kichwani. Ngazi nyingi tumezijenga wenyewe siku za mapumziko, kwa mawe na saruji, tukipima kwa macho tu.

Macho hayatoshi. Katika kiwanda kimoja tulikofanya kazi, ngazi ya kupanda ghalani ilikuwa na vidato 11. Watu walijikwaa juu kabisa, karibu na mlango, na kila mara waliambiwa kwamba hawatazami wanapokanyaga. Siku moja tulichukua futi ya fundi tukapima. Vidato kumi vilikuwa na kimo cha sentimita 17 kila kimoja. Cha mwisho kilikuwa 22. Fundi alipanda kwa 17 mpaka akakaribia mlango, kisha yote yaliyobaki akayatupa katika kidato kimoja. Jumla ilikuwa sentimita 192. Kama angaligawa kwa 12 kabla ya kuchanganya zege, kila kidato kingalipata 16 kamili. Tuliandika vipimo hivyo kwenye karatasi, tukavipeleka kwa msimamizi, na neno la kutotazama halikusemwa tena. Ngazi ikavunjwa.

Mguu hauhesabu, unakumbuka. Ukishapanda vidato viwili vitatu, mguu umekwisha kujifunza kimo chake, nao hauinuki zaidi ya hapo. Tofauti ya sentimita moja au mbili yatosha kumwangusha mtu, hasa anayeshuka.

Basi tuone hesabu yenyewe. Kila kidato kina vipimo viwili: kimo, yaani jinsi kinavyopanda, na upana, yaani mahali pa kuweka mguu. Katika karne ya 17 Mfaransa François Blondel, mkuu wa chuo cha mfalme cha usanifu wa majengo huko Paris, alifundisha kwamba kupanda kunachosha mara mbili kuliko kwenda mbele. Kwa hiyo kimo huhesabiwa mara mbili, kisha upana huongezwa, na jumla iwe sawa na hatua moja ya mtu. Mafundi wa leo huchukua jumla ya kati ya sentimita 60 na 64. Ikizidi, utapanda kwa kuruka. Ikipungua, utajikwaa kwa hatua fupi fupi.

Tuchukue nyumba iliyo juu ya barabara. Kwanza tunapima kimo chote, toka barabarani hadi sakafu ya baraza. Mteremko haupimwi kwa kulaza futi juu ya udongo. Chukua mpira mwembamba unaopitisha nuru, ujaze maji, ncha moja iwe barazani na nyingine chini kwenye mti uliosimamishwa wima. Maji hayana upendeleo: pande zote mbili yatasimama usawa mmoja. Tuseme tumepata sentimita 272, na nafasi ya kwenda mbele ni 430.

Tukigawa 272 kwa 17 tunapata kimo cha 16. Tukichagua upana wa 30, hesabu ni 32 na 30, jumla 62. Vizuri. Lakini je, ngazi itaenea? Kidato cha mwisho ni baraza lenyewe, kwa hiyo vipimo vya upana ni 16, si 17: mara 30 ni 480. Nafasi haitoshi. Tunajaribu tena: 272 kwa 16 ni kimo cha 17. Upana wa 28 unatupa 34 na 28, jumla 62 vilevile. Mara 15 ni 420, na sentimita kumi zinabaki. Hiyo ndiyo ngazi yetu. Ingalikuwa nafasi ni mita tatu tu, tusingepunguza upana hadi kisigino kikose mahali; tungeikunja ngazi ubavuni mwa kilima na kuweka mahali pa kupumzikia kati.

Alama zote zichorwe kwenye fito moja kabla ya kujenga: 17, 34, 51, na kuendelea hadi 272, zote zikipimwa toka chini. Anayepima kila kidato juu ya mwenzake hubeba kosa la kila kimoja hadi juu.

Hapa mafundi wengi wazuri huanguka: wanasahau sakafu ya mwisho. Ukipima leo, na kesho mwenye nyumba akaweka vigae vya sentimita tatu barazani tu, kidato cha juu kimekuwa 20. Uliza kwanza, kisha upime hadi pale sakafu itakapoishia. Na kwa kuwa mvua zetu za Machi hadi Mei hazina huruma, kila kidato kiinamie mbele kidogo, sentimita moja yatosha, maji yasisimame. Usiisugue saruji kwa mwiko wa chuma mpaka ing'ae. Ipitishie ufagio ikiwa bado mbichi.

Wenzetu wa mashamba ya chai watasema kwamba wao hawana saruji. Hesabu ni ileile kwa magogo na vigingi. Ila pale mchumaji anashuka na gunia la majani kichwani, haoni miguu yake, na udongo umelowa. Ngazi ya namna hiyo ilazwe zaidi: kimo 15, upana 32, jumla 62. Na kila gogo lipimwe, pamoja na lile la chini kabisa ambalo mvua hulichimba; likishakuwa na kimo cha 20, ongeza udongo na ushindilie kabla ya siku ya kuchuma.