Gemu ya Mtu Mmoja, Vichwa Vitatu

1. Chagua gemu ya kufikiri, maana mtaicheza pamoja kupitia intaneti. Za kufyatua risasi hazivumilii picha inayochelewa. Return of the Obra Dinn (2018) ya Lucas Pope inafaa mno: unatafuta majina na hatima za watu 60 wa meli iliyorudi bandarini bila mtu, na gemu huthibitisha majibu matatu matatu. Wewe uliye Ntinda umeshika pedi, mwenzako wa Makerere amenasa lafudhi ya baharia, wa Mbarara anabisha kuhusu sare. Ukicheza peke yako, raha hiyo ya kubishana huipati kabisa.

2. Tumia Parsec, programu ya kushirikisha skrini ya kompyuta kupitia intaneti. Remote Play Together ya Steam imekusudiwa gemu za watu kadhaa kwenye skrini moja. Kwa Parsec, gemu iko kwenye kompyuta yako, wageni wanaona na kucheza bila kuinunua. Waruhusu pedi tu. Kibodi na kipanya ni funguo za kompyuta nzima.

3. Piga hesabu ya bando. Picha ya megabiti 5 kwa sekunde hula takriban GB 2.25 kwa saa. Kila mgeni hupelekewa picha yake, kwa hiyo wageni wawili ni GB 4.5 kutoka kwako, na kila mmoja analipia zake. Tangu Julai 2021 data ya intaneti Uganda ina ushuru wa asilimia 12, na mwenyeji ndiye anayetumia data nyingi zaidi, basi mwenye faiba nyumbani ndiye awe mwenyeji. Kama wenzako wanatazama tu, Discord ni nafuu: picha hutoka kwako mara moja, kisha seva yao ndiyo inayowagawia.

4. Usibane picha ya Obra Dinn kupita kiasi. Imechorwa kwa nukta nyeusi na nyeupe, na video ikibanwa nukta hugeuka ukungu. Gemu yenye rangi tulivu huvumilia zaidi.

5. Mwenyeji atumie kebo, si Wi-Fi. Pia aangalie uniti za umeme za Yaka kabla ya kuanza.

6. Aliye Dubai au London awe mshauri. Pedi yake itachelewa, macho yake hayachelewi sana.

7. Pokezaneni pedi kila sura inapoisha. Na aliyewahi kuimaliza gemu hiyo anyamaze, hata akiulizwa. Akishindwa, apewe kazi ya kuandika dhana za wenzake.