Taa Kuwaka Si Uthibitisho wa Maji Salama

Mtambo wa kutibu maji kwa mionzi ya urujuanimno hauongezi kemikali wala haubadilishi ladha ya maji. Hata hivyo, una hatari iliyojificha: unaposhindwa kufanya kazi, maji hubaki na sura ileile na ladha ileile, na pengine taa yenyewe huendelea kuwaka.

Namna unavyofanya kazi

Taa hutoa mionzi yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 254 hivi. Mionzi hiyo huharibu vinasaba vya bakteria, virusi na protozoa, navyo hushindwa kuzaliana na kuambukiza. Huvidhibiti hata vimelea vya kriptosporidia, ambavyo huhimili klorini na huweza kumharisha kwa muda mrefu mgonjwa mwenye kinga dhaifu. Mionzi haiondoi chumvi, floraidi wala kemikali nyingine. Aidha, chembe za tope huwa kivuli ambamo vimelea hujificha. Kwa hiyo maji yachujwe kwanza, kwa kawaida kwa chujio la mikroni 5.

Matunzo

1. Taa ibadilishwe kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Taa nyingi hudumu saa 9,000 hivi, yaani takribani mwaka 1 wa kuwaka mfululizo. Taa iliyochakaa huendelea kutoa mwanga wa buluu, ilhali mionzi inayodhuru vimelea, ambayo jicho haliioni, imekwisha kupungua. Tarehe ya kuibadilisha iandikwe kwenye mtambo.

2. Mrija wa kioo unaoizunguka taa usafishwe kwa siki au asidi ya sitriki na kitambaa laini, kwani ukoko wa madini huzuia mionzi. Usishikwe kwa vidole vitupu.

3. Umeme ukikatika, koki ifungwe. Ukirejea, taa ipewe dakika chache ipate nguvu kabla ya maji kuteketwa. Iwapo maji yalipita taa ikiwa imezimika, mabomba yaliyo mbele ya mtambo yatakaswe kwa klorini.

Usalama wa mhudumu

Kabla ya kufungua mtambo, umeme ukatwe na maji yafungwe. Taa inayowaka isitazamwe, kwani huunguza macho na ngozi. Ndani yake mna zebaki. Ikivunjika, watu watoke, madirisha yafunguliwe, kisha vipande vikusanywe kwa glavu na kadibodi, si kwa ufagio.

Kwa mgonjwa na jamaa zake

Mionzi haiachi kinga yoyote ndani ya maji. Maji yaliyotibiwa vizuri huchafuka tena yakichotwa kwa kikombe kichafu. Yahifadhiwe katika chombo safi chenye mfuniko na koki. Mgonjwa ana haki ya kuuliza taa ilibadilishwa lini. Asipopata jibu, maji yake ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kwa angalau dakika 1.